Rweya Isiyo na Mwenyewe

Tangu aliporudi kutoka Kishanda, Clotilda hakuwahi kumiliki hata shina moja la mgomba. Kule Kishanda, wilayani Muleba, alikoolewa, mume wake alikufa kabla hawajapata mtoto. Ukoo ukakaa, ukanywa rubisi, ukakubaliana kwamba kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, hakiwezi kubaki mikononi mwa mwanamke asiye na mwana. Hawakumpiga wala kumtukana. Shemeji yake alimbebea sanduku mpaka barabarani, akamshukuru kwa yote, kisha akarudi kupogoa migomba ambayo Clotilda alikuwa ameipanda kwa mikono yake.

Kijijini kwao Kaagya, nje ya mji wa Bukoba, alipokelewa na kaka yake, Lwakatare. Kibanja cha hapo ndimo walimozaliwa wote wawili, lakini kwa desturi ya Wahaya mtoto wa kiume huzaliwa na ardhi, na wa kike huzaliwa na safari. Lwakatare alimpa chumba cha nyuma, kilichoshirikiana ukuta mmoja na jiko.

"Kula upendavyo," alimwambia. "Ukizichoka ndizi zangu uniambie."

Clotilda alicheka kwa adabu. Asubuhi iliyofuata alichukua jembe akapanda mlima mpaka rweyani.

Rweya huanza pale migomba inapokoma. Inakoma ghafla, kama ukuta, na ukishatoka kwenye kivuli chake unakutana na upepo, nyasi, mawe, na udongo mwembamba ambao mgomba hauwezi kusimama juu yake. Wafu hawazikwi kule. Huzikwa kibanjani, katikati ya kile walichokilima. Rweya ilikuwa ya wote, maana yake haikuwa ya mtu. Wanaume walichunga ng'ombe huko, na wachache wenye nguvu walipanda mikaratusi. Wanawake walikata nyasi za kutandaza chini ya migomba na za kutandika sakafuni, na wale waliokosa kitu kingine chochote walilima musiri.

Musiri ni kipande kidogo cha rweya ambacho mwanamke hukivunja kwa jembe, akachoma nyasi zake, akapanda njugumawe, akavuna, kisha akakiacha kilale kwa miaka kadhaa mpaka nyasi zikirudie. Ukiwa umelala, mpita njia hawezi kuujua. Ataona nyasi, basi. Lakini kila mwanamke wa Kaagya anaujua wake na anaujua wa mwenzake, na hakuna anayethubutu kuugusa musiri ambao mwingine ameupumzisha.

Clotilda alikuwa na misiri kadhaa. Mmoja ukilala, mwingine unaamka. Jirani yake kule juu alikuwa Paskazia, mjane mwenye ulimi, ambaye naye alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka kwa wakwe, na wawili hao walilima wakitaniana kwa sauti kubwa kwa sababu ya upepo.

"Clotilda, mistari yako imepinda kama mlevi anayerudi nyumbani."

"Inamtafuta mume wako, waitu. Nimesikia alipotelea huku."

Nyuma yao, mgongoni mwa mmoja au mwingine, alikuwa Jovina. Mama yake, mke wa Lwakatare, alikufa mtoto akiwa hajaanza kutembea, na Clotilda hakusubiri kuombwa. Alimfunga kwa khanga, akaendelea kulima. Jovina alijifunza kusimama akishika mpini wa jembe. Nguo zake za shule, tangu darasa la kwanza mpaka alipopanda basi la chuo kikuu, zilitokana na njugumawe za rweyani, ingawa nyumbani hakuna aliyelisema hilo, kwa kuwa halikuwa jambo la kusemwa. Watoto walisoma, ndizi zikaiva, maisha yakaenda.

Na njugumawe hizo zilimfanyia Clotilda kazi nyingine, kubwa kuliko ile ya sare. Jirani akifiwa, aliingia msibani na kikapu kichwani. Binti wa mtu akiolewa, kikapu kilitangulia. Jioni, sufuria ya ndizi ikiwa motoni katika jiko la kaka yake, alitia humo njugu zake, na sufuria ikawa ya wote wawili. Alikula kwa Lwakatare miaka mingi pasipo kujihisi ombaomba hata siku moja.

Jovina aliyaona hayo yote. Hili ndilo litakalomtesa baadaye: hakuwa mgeni aliyetumwa kutoka mbali. Aliyaona kwa karibu, akiwa mgongoni.

*

Chuoni alisomea uchumi, na alichokipenda zaidi kilikuwa uchumi wa mambo madogo: kwa nini mtu huyu achague hiki akiache kile, bei inasema nini, na inanyamaza wapi. Aliporudi Bukoba aliajiriwa katika ofisi ya mipango, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayeulizwa kila mradi ulipohitaji hoja. Alikuwa na namna yake ya kueleza. "Gharama ya kitu si ile hela uliyotoa," aliwaambia wenzake. "Ni kile ulichokiacha ili ukipate."

Wakati huo mji ulikuwa umeshikwa koo. Malori ya ndizi yaendayo Mwanza na Dar es Salaam yalipakia katikati ya mji, pikipiki zikipenya kati ya matairi, na mvua ikinyesha soko lote liligeuka ziwa la maganda. Ikaamuliwa soko la ndizi na maegesho ya malori yahamishiwe nje, Kaagya, kando ya barabara. Mchoro wa kwanza ulipita kwenye vibanja. Jovina aliutandaza mezani akaona mstari mwekundu ukikata makaburi ya watu anaowafahamu.

Alikwenda kwa mkuu wake, Ndalahwa, mtu mpole wa Muleba aliyekuwa na tabia ya kusafisha miwani anapotaka muda wa kufikiri.

"Mzee, huu mstari utatuua," alisema. "Tutalipa migomba, tutalipa kahawa, tutalipa nyumba, tutahamisha makaburi. Na hata tukilipa, hatutakuwa tumelipa. Kibanja kimetengenezwa na mababu kwa samadi na nyasi. Hakuna bei ya udongo wa namna hiyo."

"Unataka tupite wapi? Angani?"

"Rweyani. Hatua chache tu mashariki."

Ndalahwa alivua miwani. "Na kule tunaacha nini? Wewe ndiye mwenye hayo maneno ya tunaacha nini."

"Nyasi," alisema Jovina.

Alisema kwa imani safi. Kila mtoto wa Kihaya hukua akijua kwamba kibanja ni uhai na rweya ni nje. Huapi kwa rweya, hupewi urithi wa rweya, hugombani na ndugu yako juu ya rweya. Mtaalamu wa kutoka mkoa mwingine huenda angeuliza zaidi, kwa kuwa kwake kila kitu kingekuwa kigeni. Jovina hakuuliza kwa sababu alijua.

Siku ya kupima alipanda na mpimaji wa ofisi, kijana mcheshi aitwaye Audax. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Audax alikuwa akiandika kila alichokikuta: mikaratusi ya fulani, mikaratusi ya fulani. Halafu akasimama, akakanyaga ardhi kwa kisigino mara mbili.

"Hapa pamewahi kulimwa, dada. Matuta haya hayakujifanya yenyewe."

"Ni musiri. Umelala."

"Mwenyewe unamjua?"

"Shangazi yangu."

Audax alicheka, wala hakuwa na nia mbaya. "Kumbe. Leo bosi amekuja kujilipa."

Utani ule ulimwingia Jovina kama mwiba wa samaki kooni. Aliona jinsi itakavyosikika ofisini: mchumi amehamisha mradi, na jina la kwanza kwenye malipo ni la nyumbani kwake. Akatazama mteremko. Musiri wa Clotilda ukiandikwa, itabidi uandikwe wa Paskazia, na wa yule wa chini yake, na wa wale wengine wote, wanawake wasio na karatasi, wanaodai nyasi zilizolala. Mabishano yangechukua mwaka. Mstari mwekundu ungerudi vibanjani.

"Usiandike," alisema. "Andika nyasi. Nitamalizana naye mwenyewe."

"Na haya matuta mengine?"

"Nyasi, Audax. Yote."

*

Mkutano wa kijiji ulijaa. Jovina alisimama mbele ya watu waliomwona akiwa na makamasi, akawaeleza kwamba hakuna nyumba itakayovunjwa, hakuna kibanja kitakachokatwa, hakuna kaburi litakaloguswa. Wenye mikaratusi watalipwa. Soko litakuja mpaka mlangoni mwao.

Mzee Joackim, aliyekuwa na kibanja kwenye ule mstari wa kwanza, aliinuka kwa fimbo. "Nimekaa na hofu tangu mwaka jana," alisema. "Nilikuwa nikimpitia marehemu mke wangu pale kaburini namwambia, jiandae, tunahama. Leo nitampitia nimwambie, lala. Mtoto wa Lwakatare ametuokoa."

Watu walipiga makofi. Nyuma kabisa, walikokaa wanawake wa rweyani, Paskazia alinyosha mkono.

"Na nyasi tutakata wapi?"

Wanaume wakaangua kicheko.

"Nyasi, waitu?" mmoja alimjibu. "Watu wanaongelea malori, wewe unaongelea nyasi. Unakula nyasi?"

"Mgomba wako unakula," alisema Paskazia. "Kamuulize."

Kicheko kiliongezeka. Jovina naye alitabasamu, si kwa dharau, bali kama mtu anayetabasamu kwa sababu wengine wamefurahi. Akasema soko litaleta kazi nyingi kuliko nyasi, na kwamba wanawake watapewa nafasi. Paskazia alitaka kuendelea. Clotilda, aliyekaa kando yake, alimvuta khanga akamketisha, kisha yeye mwenyewe akasimama na kupiga vigelegele virefu vilivyopasua mkutano. Kina mama wakavipokea. Huyu aliyesimama mbele alikuwa mtoto wake.

Lwakatare hakuyaona hayo. Alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na kibanja kilikuwa kimepita kwa Avit, kaka wa Jovina, pamoja na nyumba, kahawa, na shangazi katika chumba cha nyuma.

Malipo ya mikaratusi yalipotolewa, Jovina alikuwa Dodoma. Alikuwa ameitwa kwenye semina kueleza jinsi mradi unavyoweza kupangwa pasipo kumhamisha mtu. Walimsikiliza vizuri. Mmoja alimwomba nakala.

Alivyomalizana na Clotilda ni kwamba alimwekea fedha kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Zilikuwa nyingi kuliko njugumawe zilivyowahi kuleta. Aliwahi kupiga hesabu hiyo kichwani akaridhika nayo. Clotilda alishukuru kila mara kwa maneno yaleyale. Uzio ulipowekwa na matrekta yakaanza kuchubua mteremko, alishukuru vilevile.

Jovina alipokwenda kumtembelea, alimkuta akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

"Pumzika sasa, shangazi. Umelima maisha yako yote."

"Napumzika, mwana wange. Huku ndiko kupumzika."

Akaendelea kufagia.

Mambo ya nyumbani Jovina aliyajua kwa vipande. Migomba ya Avit ilianza kudhoofika. Nyasi za kutandaza hazikupatikana tena ila kwa kununua, zikitoka mbali kwa pikipiki, na ng'ombe wake mmoja aliuzwa kwa kukosa malisho, na samadi ikaondoka naye. Udongo ukawa unakauka juu. Mikungu ikapungua. Kokwijuka, mke wa Avit, alikuwa na watoto wa kulisha na hofu ya kweli moyoni, na hofu yake ilitafuta pa kutokea.

Hakuwahi kumwambia Clotilda neno usoni. Aliiambia sufuria. "Mikungu siku hizi ni kama ngumi," aliiambia, akimenya. "Lakini midomo, we sufuria, midomo haijapungua."

Clotilda alimpa zile fedha za simu, zote, kila mwezi. Kokwijuka alizipokea kwa mikono miwili na kumpigia magoti kidogo, kama inavyotakiwa. Lakini zilikuwa fedha za Jovina, na kila mtu mle ndani alijua ni za Jovina; zilipita mkononi mwa Clotilda kama maji yanavyopita kwenye jani la mgomba. Jovina akawa amelisha nyumba. Clotilda alibaki mtu aliyelishwa.

Soko lilipofunguliwa, alijaribu meza. Lakini auze nini? Alichukua vichane viwili vya ndizi mbivu kibanjani. Kokwijuka alimwona akitoka.

"Shangazi, hizo unampelekea nani?"

"Najaribu sokoni, mwanangu."

"Ah. Ndizi za Avit." Akavitazama vichane. "Haya. Utatuletea hela yake."

Clotilda alivirudisha vichane jikoni, akavifunika na majani.

Halafu Mzee Joackim akafa. Kijiji kizima kilikwenda. Clotilda alijitanda khanga nyeusi, akafika mpaka kwenye kona ambapo njia inaingia kwa marehemu, akasikia kwaya ikiimba. Wanawake walimpita na vikapu vyao. Paskazia, aliyekuwa ameazima ndizi kwa binamu ili asije mikono mitupu, alimwona amesimama pale.

"Twende."

"Nimesahau kitu nyumbani," alisema Clotilda. "Tangulia."

Hakuingia. Tangu arudi kutoka Kishanda, huo ndio msiba wa kwanza wa jirani alioukosa.

*

"Shangazi ameondoka," Avit alimwambia Jovina kwenye simu.

"Kwenda wapi?"

"Visiwani. Na Paskazia. Kuanika dagaa."

Jovina alikuwa ofisini. Dirishani aliona barabara ya mji, pana, safi, malori yakiwa yamekwisha kuondolewa. Watu walikuwa wakivuka pasipo kukimbia.

"Mmemwambia nini, Avit?"

"Mimi? Mimi humu ndani sisemi na mtu. Nasema na migomba tu, nayo siku hizi hainijibu." Akashusha sauti. "Dada, sikumfukuza. Mungu ananiona. Nilimkuta amefunga mzigo, nikamwambia shangazi, kaa. Akaniambia, nimekaa."

Jumamosi Jovina alikwenda Kemondo, akapanda boti ya injini iliyobeba magunia ya mkaa na kreti za soda. Ziwa lilikuwa tulivu na zito. Njia nzima alipanga maneno. Angemkodishia shamba la njugumawe mahali pengine, hata kwa bei mbaya. Angemjengea nyumba ndogo Bukoba, yenye jiko lake. Alikuwa na hoja kwa kila jibu. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kisiwa kilinuka samaki kabla hakijaonekana vizuri. Nyumba za mabati zilibanana ufukweni, na nyuma yake, juu ya mchanga na miamba, dagaa walitandazwa kwenye nyavu, weupe, mpaka mwisho wa macho. Watu walikuwa wa kila namna, Wasukuma, Waha, Wakerewe, kila mmoja na Kiswahili chake. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa, mwanamke mnene aitwaye Asha, alimtazama viatu.

"Unamtafuta bibi Clotilda? Wewe ndiye yule mwanawe msomi?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Anakutaja mpaka tumechoka. Jovina hakubomoa nyumba ya mtu. Jovina aliitwa Dodoma. Sisi tunamwambia, basi bibi, mwombe Jovina atuhamishie hawa kunguru." Akacheka. "Yule kule, mwenye fagio."

Clotilda alikuwa amepungua. Jua la kwenye maji lilikuwa limemchoma mashavu. Alikuwa akipita kati ya nyavu akigeuza dagaa kwa fagio la vijiti, polepole, mstari hadi mstari, na alipomwona Jovina aliweka fagio chini akamkumbatia kwa viwiko tu, ili asimpake magamba.

Walikaa juu ya jiwe. Paskazia aliwasalimu kwa mbali akawaacha. Jovina alisema aliyoyapanga, yote, shamba na nyumba na jiko. Clotilda alisikiliza kama anavyosikiliza misa.

"Wananilipa kwa ndoo," alisema hatimaye. "Nikigeuza vizuri, jioni napata ndoo ya dagaa. Juzi mtoto wa jirani hapa alikufa kwa homa. Nikaenda na dagaa wangu kwenye sinia. Nikaingia, nikakaa chini na wenzangu." Alijifuta jasho. "Pale kwa Avit nilikuwa mgeni asiyeaga, mwana wange. Si kosa lake. Mgeni naye anajijua."

"Ni kosa langu."

"Hapana. Wewe ulifanya vizuri. Joackim alizikwa kando ya mke wake kwa sababu yako. Mimi naumia kitu kimoja tu, nacho ni cha kitoto, hata kukisema ni aibu."

"Kiseme."

Clotilda alitazama dagaa. "Siku mliyopima niliwaona. Nilikuwa bondeni nakata nyasi. Nikakuona umesimama juu ya musiri wangu na yule kijana mwenye karatasi, nikasema moyoni, leo naandikwa. Siku ya malipo nikaoga, nikavaa ile nguo ya Pasaka, nikaenda nikakaa. Wakaita majina. Wenye mikaratusi wakaitwa, mmoja mmoja, wanasimama, wanatia dole gumba. Nikakaa mpaka wakakunja meza. Hela sikuzihitaji, Jovina, unanipa hela. Nilitaka niitwe. Sijawahi kuitwa mahali kama mwenye kitu." Alitabasamu kidogo, kwa haya. "Baadaye nikasema, amesahau. Ana kazi nyingi, kichwa kimoja. Na watu hapa wakiniuliza nawaambia hivyo, alisahau. Mtu husahau."

Upepo ulikuwa umegeuka. Jovina aliona kwamba mlango umewekwa wazi mbele yake, na kwamba aliyeuweka ndiye anayempenda kuliko mtu yeyote aliye hai. Angeitikia tu. Angesema, ni kweli, shangazi, nilisahau, nisamehe, na Clotilda angemsamehe papo hapo, kwa kuwa alikwisha kumsamehe. Pengine hata angerudi naye. Krismasi angekuwa nyumbani.

"Sikusahau," alisema.

Clotilda aligeuka kumtazama.

"Kijana aliniuliza musiri ni wa nani, nikamwambia wa shangazi yangu. Akataka kuandika. Nikamkataza. Niliogopa watasema nimejipendelea. Niliogopa mtatuchelewesha. Nikamwambia aandike nyasi."

"Uliujua ni wangu."

"Niliujua."

"Na wa Paskazia."

"Na wa Paskazia. Na ya wengine wote."

Uso wa Clotilda haukukasirika. Ulifanya kitu kibaya zaidi, ulitulia, kama uso wa mtu aliyepewa jibu la swali ambalo hakuwa ameliuliza. Aliokota dagaa mmoja aliyeangukia kwenye jiwe, akamvunja vipande viwili kuona kama amekauka.

"Kumbe ulikaa ukafikiri," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Ukapima."

"Ndiyo."

"Ukaona mimi ndiye wa kuachwa."

Jovina alitaka kusema kwamba haikuwa hivyo, kwamba zilikuwa nyumba nyingi upande ule na nyasi upande huu, kwamba mtu yeyote mwenye akili angechagua vilevile. Kila neno lilikuwa la kweli.

Wingu lilikuwa limetokea upande wa bara, jeusi chini. Asha alipiga kelele kutoka kwenye nyumba za mabati kwamba mvua inakuja, dagaa waingizwe. Ufuko mzima uliinuka kwa wakati mmoja. Clotilda naye aliinuka, akishika goti. Jovina aliinama kushika pembe ya wavu.

"Acha," alisema Clotilda. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole ule anaopewa mtu wa ofisi. "Utachafuka. Na boti haitakusubiri, wanakimbia mvua."

"Utakuja Krismasi?"

"Msalimie Avit. Mwambie migomba ya upande wa kaburi la baba aipe maganda ya kahawa, inasaidia." Alikwisha kuinama. "Nenda, mama. Nenda salama."

Hakuwa amewahi kumwita mama. Ndivyo alivyowaita wake za viongozi.

Boti iliondoka na matone ya kwanza. Jovina alikaa kwenye gunia, akageuka kutazama. Ufukweni wanawake walikuwa wameinama wote, wakikusanya nyavu kwa haraka, khanga zimefungwa viunoni, migongo imelowa, na mvua ikishuka katikati yao kama pazia. Alitafuta ni yupi. Alidhani ni yule wa kushoto, kisha akadhani ni yule anayevuta wavu peke yake. Boti ilipanda wimbi, ikashuka, na kutoka pale alipokuwa wote walionekana sawa.